Madaftari ya Profesa Hansberry: Mwalimu wa Howard, Mwanafunzi Wake, na Njia Iliyofika Freretown

Kila inapofika tarehe 9 Desemba, sisi tulio mbali na nyumbani tunakusanyika, tunapandisha bendera, tunaimba wimbo wa Taifa, tunakula pilau, kisha tunasikiliza hotuba. Katika hotuba hizo neno moja halikosekani: diaspora. Balozi hulitaja, mwenyekiti hulitaja, na wageni waalikwa nao hulitaja. Limekwisha kuwa jina letu la pili. Wachache wetu, hata hivyo, wanajua kwamba mwezi Oktoba 1965, miaka minne tangu Uhuru ikiwa haijatimia, wanahistoria walikutana Dar es Salaam kwa mkutano mkuu wa kimataifa wa historia ya Afrika, na mmoja wa waliosimama kulieleza neno hilo alikuwa Mmarekani mweusi aliyesomea hapa Washington, katika Chuo Kikuu cha Howard.

Jina lake ni Joseph E. Harris. Mwalimu wake wa historia ya Afrika pale Howard aliitwa William Leo Hansberry. Makala hii inawahusu watu hao wawili. Nimewachagua kwa toleo hili la Uhuru kwa sababu nchi iliyomwita mwasisi wake Mwalimu haina budi kuelewa uzito wa deni la mwanafunzi kwa mwalimu. Zaidi ya hapo, habari yao inaanzia Mississippi na kufika pwani yetu wenyewe, mahali ambapo si kila mtu hupenda kupakumbuka.

Kijana aliyekosa vitabu

William Leo Hansberry alizaliwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Gloster, jimbo la Mississippi. Baba yake alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo cha Alcorn, naye alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu. Alichomwachia ni vitabu. Kijana alikua akisoma habari za kale za Wagiriki, Warumi na Wamisri, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kusumbuliwa na jambo moja: katika kurasa zote hizo watu wenye ngozi kama yake walikuwa wapi?

Mwaka 1914 alijiunga na Chuo Kikuu cha Atlanta. Mwaka uliofuata, mwanazuoni W.E.B. Du Bois alichapisha kitabu kiitwacho The Negro, kilichoeleza falme na ustaarabu wa Afrika kabla ya ukoloni. Hansberry alipokipata, alihisi kwamba swali lake limepata mtu wa kulijibu. Inafaa kukumbuka kwamba Du Bois mwenyewe alikuwa ameamshwa na mwingine. Mwaka 1906 mtaalamu wa anthropolojia, Franz Boas, alikuja Atlanta kuhutubia mahafali na kuwaeleza wahitimu weusi habari za falme za Waafrika. Du Bois, aliyekuwa akifundisha hapo, aliandika miaka mingi baadaye jinsi alivyoshangaa, maana katika usomi wake wote hakuna aliyewahi kumwambia mambo hayo.

Hansberry akaangalia orodha ya vitabu alivyovitegemea Du Bois, kisha akaenda maktaba kuvitafuta. Havikuwapo. Chuo cha watu weusi hakikuwa na fedha za kununua vitabu vya namna hiyo. Basi mwaka 1917 alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, kaskazini kabisa, akifuata maktaba. Watu husafiri kufuata kazi, ndugu au usalama, kama tunavyojua sisi wenyewe. Yeye alisafiri kufuata rafu za vitabu. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1921, na mwaka 1922 akaja Howard kufundisha.

Miaka 37 darasani

Chuo Kikuu cha Howard kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vilivyokomesha utumwa Marekani. Mwaka 1922 Washington ulikuwa mji wa ubaguzi, na Howard ndipo palipokuwa na wasomi weusi wengi mashuhuri. Hata hivyo, hata hapo historia ya Afrika haikuwa somo linalotambulika. Wengi waliamini kwamba Afrika ina mila na makabila, ila historia haina.

Hansberry alianzisha masomo ya historia ya kale ya watu weusi, ya Ethiopia ya kale, na ya falme za Afrika Magharibi. Wanafunzi wakamiminika: katika miaka miwili ya mwanzo zaidi ya 800 walijiandikisha. Mwezi Juni 1925 aliandaa kongamano ambapo wanafunzi wenyewe ndio waliosoma makala zao kuhusu ustaarabu wa Afrika. Tufikirie maana yake. Vijana ambao babu na bibi zao walizaliwa utumwani walisimama mbele ya hadhira, wakazungumza habari za Kush na Aksum kwa kutumia ushahidi.

Kengele ya hatari ililia hapohapo chuoni. Maprofesa wenzake wawili walilalamika kwamba Hansberry anahatarisha heshima ya chuo kwa kufundisha mambo asiyoweza kuyathibitisha. Nusura Baraza la Wadhamini liyafute masomo yake. Alijitetea kwa kuweka mezani vyanzo vyake, na masomo yakabaki, lakini fedha hayakupewa. Ajira ya kudumu aliipata mwaka 1938, miaka 16 tangu aanze kazi.

Ni rahisi leo kuwalaumu wale maprofesa, ila hofu yao ilikuwa na mizizi. Chuo cha watu weusi kilikuwa kikichunguzwa kila siku na watu waliotaka kuthibitisha kwamba mtu mweusi hana akili ya elimu ya juu. Kosa moja la kitaaluma lingegeuzwa fimbo ya kukipigia chuo kizima. Kwa hiyo wasomi wengi waliona ni salama zaidi kufundisha yale ambayo Harvard na Yale wameshayakubali. Hansberry aliona kinyume chake: kwamba kuyakubali yale tu waliyoyakubali wengine ni kukubali pia kimya chao kuhusu Afrika.

Silaha yake ilikuwa kusoma. Alipekua waandishi wa Kigiriki na Kirumi, kuanzia Homer na Herodotus hadi Strabo na Pliny, akikusanya kila walichosema kuhusu Waethiopia, jina walilowaita watu weusi wa kusini ya Misri. Alifuatilia taarifa za akiolojia kutoka Nubia, ambako George Reisner wa Harvard alifukua makaburi ya wafalme wa Kush na kuhitimisha kwamba watawala wale walikuwa na asili ya Libya. Hansberry alisoma taarifa hizohizo na kuona kwamba vitu vilivyofukuliwa vinasema jambo moja na mfukuaji anasema lingine.

Shahada ya uzamili aliipata Harvard mwaka 1932. Ya uzamivu hakuipata kamwe, na sababu yake inasikitisha na kuchekesha kwa pamoja: hapakuwa na profesa aliyelijua somo lake vya kutosha kumsimamia. Mwaka 1948 Earnest Hooton, profesa wa anthropolojia wa Harvard aliyemfundisha, aliandika kukiri hivyo, kwamba hakuna chuo kilichokuwa na idara ya kumpa shahada katika fani aliyoibobea. Lakini barua ya kusifiwa haiongezi mshahara. Bila shahada hiyo, kupandishwa cheo kulikuwa kugumu, na fedha za utafiti zilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1953, akikaribia miaka 60, ndipo alipopata ufadhili wa Fulbright na kwenda Misri kuyaona kwa macho yake mambo aliyoyafundisha kwa miaka 30. Alistaafu mwaka 1959. Aliandika makala kadhaa, lakini kitabu kile kikubwa ambacho wote walikingoja hakikutoka maishani mwake. Aliacha madaftari, rundo la maandishi na mihadhara.

Uhuru unalipa deni

Mtu akitazama kwa vipimo vya kawaida vya chuo kikuu, atasema huyu alikuwa na maisha ya kisomi yaliyopungua: shahada haikukamilika, kitabu hakikutoka, cheo kilichelewa. Lakini mti wa mwalimu huhesabiwa kwa matunda yanayoangukia mashamba ya mbali.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kijana mmoja wa Kinijeria aliingia katika darasa la Hansberry. Aliitwa Nnamdi Azikiwe. Alirudi Afrika Magharibi, akawa mhariri wa gazeti huko Accra, kisha mwaka 1937 akaanzisha gazeti lake Lagos. Hapo Accra, kijana mwalimu aliyeitwa Kwame Nkrumah alimsikia Azikiwe, akatiwa hamasa ya siasa, na mwaka 1935 naye akafunga safari ya masomo Marekani. Sisi watu wa Tanganyika tunajua vema uhuru wa Ghana mwaka 1957 ulivyowapa moyo wazee wetu wa TANU. Sisemi kwamba darasa moja la Washington ndilo lililoleta uhuru. Nasema kwamba wanaharakati wale walihitaji kuamini jambo moja kabla ya kudai lolote, kwamba Mwafrika amewahi kujitawala na hivyo kujitawala si jambo geni kwake. Hilo ndilo alilokuwa akilifundisha Hansberry.

Azikiwe hakumsahau. Alipokuwa kiongozi wa Nijeria huru, Chuo Kikuu cha Nijeria huko Nsukka, alichokiasisi yeye, kilifungua mwaka 1963 Taasisi ya Hansberry ya Taaluma za Afrika, na mzee mwenyewe akaalikwa kwenda. Mwaka 1964 tuzo ya Mfalme Haile Selassie kwa utafiti kuhusu Afrika ilikwenda kwake. Heshima aliyonyimwa na vyuo vya Marekani ilitoka kwa nchi za Kiafrika zilizojitawala. Hii ni mojawapo ya kazi za Uhuru isiyotajwa sana katika hotuba zetu: mataifa huru yaliweza kuamua yenyewe nani ni msomi na nani anastahili kuvikwa joho.

Hansberry alifariki Chicago tarehe 3 Novemba 1965. Lorraine Hansberry, mtoto wa kaka yake, yule mwandishi wa tamthilia mashuhuri A Raisin in the Sun, alikuwa ametangulia mapema mwaka huohuo.

Mwanafunzi anafika Dar es Salaam

Joseph Harris alisoma Howard na kuhitimu shahada ya kwanza mwaka 1952, kisha ya uzamili mwaka 1956, miaka ya mwisho ya Hansberry darasani. Hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Northwestern, ambako mwaka 1948 palikuwa pameanzishwa mpango wa kwanza wa aina yake nchini Marekani wa kusomea Afrika. Mwaka 1965 alimaliza shahada ya uzamivu kwa tasnifu kuhusu ufalme wa Futa Jallon, katika nchi ya Guinea ya leo.

Tazama tofauti ya kizazi kimoja. Mwalimu aliambiwa hakuna wa kumsimamia. Mwanafunzi alipewa idara nzima. Mlango ulikuwa umefunguka, na waliousukuma kwa miaka mingi walikuwa watu kama Hansberry, ambao wenyewe hawakuupita.

Oktoba ya mwaka huohuo ndipo Harris alipokuwa Dar es Salaam. Chuo chetu wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na idara yake ya historia iliongozwa na Profesa Terence Ranger, ambaye baadaye alihariri makala za mkutano na kuzitoa kama kitabu mwaka 1968. Katika kikao kuhusu Waafrika walio nje ya Afrika, Harris alitoa utangulizi, kisha akasoma makala George Shepperson wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, chuo alichosoma Mwalimu Nyerere. Shepperson aliwajua Waafrika kwa karibu kwa kuwa aliwahi kutumikia jeshi la Keya pamoja na askari wa Nyasaland wakati wa Vita vya Pili. Wawili hao walichukua neno la Kigiriki lililozoeleka kwa kutawanyika kwa Wayahudi, wakauliza kama linafaa kwa Waafrika waliotawanywa duniani, hasa kwa utumwa.

Kwa hiyo neno tunalojiita leo liliwekwa mezani mbele ya wanahistoria wa dunia katika mji wetu wenyewe. Na halikuwekwa kwa ajili ya watu waliopanda ndege kwenda kusoma au kufanya kazi, wakatuma fedha nyumbani. Liliwekwa kwa ajili ya watu waliopakiwa katika majahazi na merikebu. Siku tunayolitumia kwa furaha tungepaswa kukumbuka wenye neno wa kwanza.

Swali la mwalimu, njia ya mwanafunzi

Hapa ndipo habari inaponigusa zaidi. Mwanafunzi mwema wa Hansberry angeweza kuendelea kuchimba pale alipochimba mwalimu: Nubia, Aksum, Misri. Harris aligeuka. Alitazama Bahari ya Hindi.

Hansberry alitafuta viti vya enzi. Hatuwezi kumlaumu. Mtu anapoambiwa kwamba ukoo wake haujawahi kuwa na nyumba, jambo la kwanza ni kuonyesha msingi wa mawe. Lakini mamilioni ya watu weusi hawakuwa na uhusiano wowote na wafalme wa Kush. Walikuwa wajukuu wa wakulima waliotekwa. Historia yao iko wapi? Swali lilikuwa lilelile la yule mtoto wa Gloster, ila sasa liliulizwa kwa niaba ya wasiokuwa na mnara wala jiwe la maandishi.

Mwaka 1971 Harris alitoa kitabu The African Presence in Asia, kinachohusu matokeo ya biashara ya utumwa ya Afrika Mashariki. Wakati huo wasomi wengi wa utumwa walitazama Atlantiki peke yake. Yeye alifuata nyayo za Waafrika hadi Uajemi na Bara Hindi. Aliandika juu ya Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa mara kadhaa hadi akafika Deccan, akapanda cheo hadi kuwa mwenye mamlaka yote katika dola ya Ahmadnagar, akajenga mji na kupambana na majeshi ya Wamughal hadi alipofariki mwaka 1626. Aliandika kuhusu Masidi, wenye asili ya Afrika, waliotawala kisiwa cha Janjira. Na aliandika kuhusu watu wa kawaida: mabaharia, askari, watumishi wa nyumbani na wapakizi wa bandarini.

Miongoni mwao walikuwamo walioitwa Waafrika wa Bombay. Hawa walikuwa watumwa waliookolewa baharini na manowari za Waingereza, wakapelekwa India, na baadhi yao wakasomeshwa na wamisionari karibu na mji wa Nasik. Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa Livingstone kutoka bara hadi London, alitoka katika shule hiyo. Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa mwaka 1873 na soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walianzisha makazi ya walioachwa huru karibu na Mombasa, wakayapa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja Zanzibar kwa ajili ya mkataba huo. Ndiyo Freretown. Waliopita Mombasa wanapajua Kengeleni, penye kengele ya zama hizo.

Harris alikwenda huko. Hakuridhika na barua za wamisionari. Alikaa na wazee. Mmoja wao ni mtu ambaye jina lake wasomaji wa Kiswahili walikuwa wakilijua muda mrefu: James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa shuleni na vizazi vya watoto wa Afrika Mashariki. Baba yake Mbotela alikuwa miongoni mwa waliotekwa bara, wakaokolewa na kufikishwa Freretown. Ni ukoo huohuo uliomtoa Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake redioni wengi wetu tumekua nayo.

Kitabu cha Mbotela kimekosolewa na wasomi kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza mno. Ukosoaji huo una haki yake. Lakini kukosoa kitabu ni jambo moja, na kwenda kumketisha mwenye kitabu ukamsikiliza ni jambo jingine. Mwaka 1977, huko Nairobi, Harris alitoa kumbukumbu za Mbotela kama kitabu. Mwaka 1987 akatoa kitabu kingine kuhusu jamii nzima ya watu hao nchini Kenya, akiwaita waliorejeshwa na wakati huohuo wakimbizi. Jina hilo limebeba ukweli mchungu. Mtu aliyetekwa Nyasa akiwa mtoto, akalelewa India au baharini, kisha akateremshwa Mombasa, amerudishwa Afrika, lakini hajafika kwao. Lugha ya pale si ya mama yake, ardhi ya pale ina wenyewe, na jirani anamuuliza, "Wewe ni wa wapi?" Sisi tunaoulizwa swali hilo huku ugenini, na pengine tukaulizwa tena tunaporudi likizo, tunaweza kulielewa kidogo.

Mwaka 1977

Nimeutaja mwaka 1977. Una jambo jingine. Mwaka 1974 Harris alikuwa ameanza kuchapisha, kupitia Chuo Kikuu cha Howard, madaftari ya mwalimu wake. Kitabu cha kwanza kilihusu nguzo za historia ya Ethiopia. Cha pili, kilichohusu Afrika na Waafrika walivyoonekana na waandishi wa kale wa Ulaya, kilitoka mwaka 1977, mwaka uleule wa kumbukumbu za Mbotela.

Basi mwaka mmoja mwanafunzi yuleyule aliwatolea wazee wawili sauti. Mmoja alikuwa profesa wa Washington aliyefariki miaka 12 nyuma bila kitabu. Mwingine alikuwa mwana wa mtumwa aliyeokolewa, huko Freretown. Sijui kielelezo kizuri zaidi ya hiki cha maana ya kuathiriwa na mwalimu. Harris alilinda maandishi ya mwalimu kwa uaminifu, na wakati huohuo akafanya kazi ambayo mwalimu hakuifanya. Aliyarithi madaftari na aliirithi tabia: kutokubali kwamba watu fulani hawana historia kwa sababu tu aliyeandika kabla hakuwauliza.

Baadaye Harris alirudi Howard kama profesa. Mwaka 1979 aliandaa hapo kongamano la kwanza la wataalamu wa diaspora ya Kiafrika, na mwaka 1981 la pili likafanyika Nairobi. Kitabu kilichotokana na la kwanza kilitumika vyuoni kwa miaka mingi. Somo ambalo mwaka 1925 lilishtakiwa kuwa halina uthibitisho sasa lilikuwa na makongamano katika mabara mawili.

Sisi tunajifunza nini?

Tunapowafundisha watoto wetu huku historia ya kwao, tunavutwa kuanza na yanayong'aa: Kilwa na msikiti wake mkuu, dhahabu ya Sofala, majahazi yaliyokwenda na pepo za kaskazi na kusi. Ni sawa tuanze hapo. Mtoto anayesikia shuleni kwamba Afrika ni njaa na vita anahitaji msingi wa mawe, kama Hansberry alivyouhitaji.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya somo. Pwani ileile yenye misikiti ya matumbawe ilikuwa na misafara ya watumwa iliyoishia Bagamoyo na Kilwa Kivinje. Baadhi ya babu zetu waliuzwa, na baadhi ya babu zetu waliuza. Katika ukumbi mmoja wa sherehe za Uhuru wanaweza kukaa meza moja wajukuu wa pande zote mbili, na wengine ni wajukuu wa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mambo haya huwa hatuyazungumzi. Tunaogopa kuharibu sherehe, kama wale maprofesa wa mwaka 1925 walivyoogopa kuharibu jina la chuo.

Harris hakuja pwani yetu kumhukumu mtu. Alikuja kuuliza, akaandika alichoambiwa, akakipima na hati zilizokuwapo. Hilo hata sisi tunaliweza. Katika jumuiya yetu wapo wazee waliozaliwa kabla ya Uhuru, waliosikia kwa bibi zao habari za majina yaliyobadilishwa, za watu waliotoka bara wakawa wa pwani, za ndugu waliobaki Muskati, Bombay au Basra. Wakati Mbotela alipoketi na Harris, waliokumbuka mwanzo wa Freretown walikuwa wachache mno. Kila msiba tunaouchangia hapa ni daftari ambalo huenda halikuandikwa.

Vijana wetu wanaosoma vyuo vya hapa wana simu zenye kinasa sauti, wana Kiswahili cha nyumbani, na Howard yenyewe iko Georgia Avenue, basi moja tu kutoka mitaa wanakoishi wengi wetu. Hansberry alihama Atlanta hadi Harvard kutafuta kitabu. Wao hawahitaji kuhama. Mwanafunzi mmoja akiamua mwaka huu kuketi na mzee mmoja, akamuuliza polepole, akarekodi, akaandika kwa Kiswahili jinsi alivyosikia, na nakala moja akaipa jumuiya iihifadhi, tutakuwa na cha kusoma katika toleo la Uhuru la mwaka ujao.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hansberry hakufunzwa na chuo chochote somo alilolipenda. Alijifunza mwenyewe, kisha akawa yeye ndiye chuo cha wengine. Kutoka darasa lake somo lilikwenda Lagos na Nsukka, likafika Dar es Salaam, likaingia hadi Freretown penye kengele. Tulipokee, tuliendeleze, na pale linapotuuma tusigeuze uso.